TAHADHARI: Huyu anayeuza "nta halisi ya nyuki" ya kuchorea ni tapeli

Jamani, naandika mikono inanitetemeka kwa hasira. Ni yule yule niliyewaambia nimepata mwalimu wa kuchora kwa nta ya rangi iliyoyeyushwa, na ndiye aliyeniuzia vifaa. Ndiyo, huyo huyo.

Seti ilikuja imefungwa vizuri mno. Vipande 12 vya rangi, kila kimoja kimeandikwa jina kwa mkono, brashi tatu na mbao mbili nyeupe. Nikafungua, nikanusa. Harufu ya asali ilijaa chumba kizima mpaka mdogo wangu akauliza nani kafungua chupa ya asali. Hapo ndipo nilipokwisha. Najua parafini, ile nta ya mishumaa, hainukii asali. Sikuwaza kwamba mtu anaweza kuitia manukato akauza.

Na msiniambie nilikuwa mzembe. Huyu mtu anajua kuongea. Alinieleza kuhusu picha za Fayum kule Misri, nyuso zilizochorwa kwa nta karibu miaka 2,000 iliyopita na rangi zake bado zipo. Akanieleza damari, ule utomvu mkavu unaochanganywa na nta ili iwe ngumu. Nikachunguza, nikakuta yote ni kweli. Mtu amekupa kweli tisa, ya kumi utaichunguza ya nini?

Jumamosi nikabandika sufuria, kipimajoto ndani. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Hii ilifika 52 ikawa maji matupu. Nikamwandikia hapo hapo. Akajibu, "Dada yangu, hiyo ni laini maalumu kwa wanaoanza, ongeza moto mpaka 120." Nikaongeza! Moshi ukapanda, macho yakawaka, nikakohoa mpaka nikashika ukuta. Kumbe hata nta nzuri haitakiwi kuzidi nyuzi 90 na kitu, na dirisha liwe wazi. Anayejiita mwalimu hawezi kusema halijui hilo.

Bado nikapaka. Tabaka tatu, kila moja nikaipitishia hewa ya moto ishikane na ya chini. Asubuhi nikagusa pembeni kwa ukucha, yote ikabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake ubao unateleza, umepakwa rangi ya plastiki ya ukutani. Nta inataka ubao unaonyonya! Wiki tatu nilisubiri mzigo ule, na pesa niliidunduliza miezi. Nilipomtumia picha akanifungia namba.

Dalili zilikuwepo. Kipande nikikifinya kilimeguka, wakati nta ya nyuki hulainika mkononi ukaifinyanga. Hakuwahi kutuma video akichora, ni picha tu. Na alitaka pesa yote kwanza.

Lakini mimi nataka ashtakiwe. Si wizi tu huu, amenivutisha moshi ndani ya nyumba yenye mtoto, kwa maneno yake mwenyewe, na ujumbe ninao. Arudishe pesa ya kila mtu, na azuiwe kabisa kumfundisha mtu yeyote kitu chochote kinachokaa juu ya moto. Wangapi wameacha uchoraji huu wakidhani mikono yao ndiyo mibaya?

Mwenye risiti au sauti zake asifute. Nitumieni. Jumatatu asubuhi naenda polisi na ubao wangu mkononi.