Invincible namba 144: nilidhani kurasa zimegandana

Invincible ni komiki ya Robert Kirkman kuhusu Mark, kijana mwenye nguvu za ajabu, na namba 144 ndo toleo la mwisho. Spoila zipo humu, we unayefuata katuni ya Prime Video tu na komiki hujaigusa rudi zako mapema, sitaki lawama.

Nimeimaliza juzi kati hapa usiku, umeme umekatika, nasomea tochi ya simu, lile kompendia la tatu (kitabu kinene cha matoleo mengi kwa pamoja) ambalo shemeji alinibebea kutoka Marekani akalalamika njia nzima kwamba limekula kilo za begi (ni kweli, tofali lile, limebeba namba 97 mpaka 144). Nikaingia toleo la mwisho, nikageuza kurasa kidogo, mara Terra, binti wa Mark, ni mkubwa. Nikasema aah hapana, karatasi zimegandana hizi. Nikakaa nachokonoa kona kwa ukucha kama mwehu, narudi nyuma, naenda mbele, nalamba kidole. Hakuna kilichogandana. Ni Kirkman mwenyewe kaamua kuruka miaka.

Sasa jamani hii ni haki? Komiki imeanza Januari 2003 imeisha Februari 2018, miaka 15, na kilichonifanya niipende ni kwamba humu mtu akiumia anaumia kweli, hakuna kesho yake kaamka mzima. Kile kipigo Mark alichokula kwa baba yake kule mwanzoni kinaenda kurasa na kurasa mpaka unaomba wapumzike. Halafu ile anarudishwa zamani, anachagua kurudi kwa mkewe, anakuta huku miaka 5 imeshapita na Terra hamjui. Miaka mitano tu, na tulilipishwa yote! Mimi nilikaa Doha mitatu, narudi mwanangu ananiita anko, kwa hiyo ile sehemu niliisoma nimefunga mlango wa chumba. Na huyo huyo aliyenifanya nilie kwa miaka 5, kwenye toleo la mwisho anatapanya mamia ya miaka kama chenji ya daladala, huku ufalme, huku sayari, huku watoto wameshakua, twende twende twende, konda hasubiri mtu ashuke.

Habari ya Marky, mtoto wa kiume wa Mark, ndo siwezi kusamehe. Walioisoma toleo la 110 wanajua Anissa, yule mwanamke mwenye nguvu kama zake, alimfanya nini Mark, sitaki kuandika hapa, na Marky alitokana na lile. Matoleo 34 nangoja nione huyu baba atamtazamaje kijana machoni, atamwambia nini, maana kosa si la mtoto lakini kidonda ni cha baba, hiyo peke yake ni stori ya mwaka mzima. Kapewa vikurasa vya kuhesabu. Mengine nimejijazia mwenyewe kichwani na kitabu sikupewa bure.

Nikampigia shemeji usiku ule ule, kwake mchana. Akacheka. Akasema huyo Mark ni Mviltrum, asili yake sayari ya Viltrum, anaishi maelfu ya miaka, kwake karne ni kama wiki, ndo maana imeandikwa vile. Jibu zuri, likaniudhi zaidi. Mviltrum ni Mark, mimi je? Akaniuliza we ulitaka namba 145? Ndio shem, nilitaka 145, na 146 kama ipo.

Akanikumbusha tu kwamba The Walking Dead, ya Kirkman huyo huyo, mwaka 2019 iliishia toleo la 193 bila taarifa yoyote, na matoleo ya mbele yalikuwa yameshatangazwa kumbe hayapo. Invincible mwisho wake ulisemwa mapema na ukapewa sehemu 12 nzima. Sawa, hapo nakubali, tuliagwa. Lakini kama una sehemu 12 si ungegawa vizuri, lile pigano na adui mkuu Thragg ndani ya jua limekula nafasi yake yote (na sawa, mchoraji Ottley alichora mpaka mimi mwenyewe nikahisi joto, sijui ningekata wapi).

Nilikuwa nimeshaamua nyota mbili. Kisha nikafika kwa Eve, mkewe Mark. Anazeeka, yule bibi kabisa, Mark bado kijana pembeni yake kwa sababu damu yake inachelewa sana kuzeeka, anakufa, halafu ule uwezo wake unamrudisha, na jamaa yupo pale pale. Nikazima tochi. Wife akauliza chaji imeisha? Nikasema eeh.

Kwa hiyo nne. Hapana, tatu, kwa ajili ya Marky siwezi kwenda nne. Tatu na nusu kama unaisoma yote mfululizo kama mimi, maana sijui waliokuwa wanangoja toleo kwa toleo walijisikiaje siku ile.

Dogo sasa analiulizia hilo tofali, yule yule wa anko. Nimempa kompendia la kwanza, la tatu liko juu ya kabati mpaka akue kidogo, kwa sababu ya 110, na asipokuja kuchokonoa zile kurasa za Terra na yeye nitashangaa.