Artemis Fowl: vitabu vitamu, muvi achana nayo
Una dogo nyumbani hataki kusoma? Mpe Artemis Fowl ya Eoin Colfer, jamaa wa Wexford huko Ireland, alikuwa ticha wa praimari kabla hiki kitabu hakijamtoa mwaka 2001. Yaani staring ni mtoto wa miaka 12, tajiri, mhalifu, ana akili mpaka anakera, anamteka Holly, afisa wa polisi wa viumbe wa chini ya ardhi, ili alipwe dhahabu 😂 Halafu kuna Mulch, mbilikimo anachimba handaki kwa kula udongo anautoa kwa nyuma, hapo nilicheka sana. Viko vinane, cha mwisho 2012, huko mbele vinajirudia kidogo. Muvi ya Disney ya 2020 wamemfanya Artemis mtoto mwema, utamu wote kwisha.