Kifaa Kipi Kinunuliwe Kwanza Kulinda Vyombo vya Umeme Nyumbani

Watu wengi huogopa umeme unapokatika, ilhali vyombo vingi huungua unaporudi, kwa kuwa volti huweza kupanda ghafla au kuyumba kwa muda kabla ya kutulia. Ndiyo maana naweka nafasi ya kwanza kilinda friji, kile kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya ukutani, kisha friji ikachomekwa kwake. Volti zikishuka au kupanda kupita kiasi hukata umeme, na zikitulia husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Kusubiri huko ndiko kunakookoa kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoozea friji, ambayo ikilazimishwa kuwaka wakati gesi ndani ya mfumo bado ina mgandamizo mkubwa, hushindwa kuzunguka, huvuta umeme mwingi, na nyaya za mota yake hupata moto hadi kuungua. Soma ampea zake, yaani kiasi cha mkondo wa umeme kinachoweza kupitisha, kabla ya kulipa, maana kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni hakitaihimili friji.

Ya pili ni stebilaiza, na kwa nyumba ambayo umeme wake ni mdogo karibu kila siku huwa ya kwanza, kwani hapo kilinda friji kitakata tu na kukuachia chakula kikiharibika, ilhali stebilaiza huzipandisha volti. Chagua yenye uwezo mara kadhaa ya wati za friji, kwa sababu kompresa inapowaka huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshika mwendo.

UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda mfupi unapokatika, inafuata, kwa kompyuta na ruta pekee. Usihadaike na namba kubwa ya VA (volti-ampea) kwenye boksi; tafuta wati, ambazo kwa kawaida ni chache kuliko namba hiyo. Betri yake ya risasi na asidi huchoka baada ya miaka 3 hadi 5, hivyo uliza kama hubadilishwa.

Mwisho ni ekstensheni yenye kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla, ambayo huandikwa kiwango cha jouli, yaani nishati inayoweza kumeza. Isiyoandikwa ni ya kuongeza soketi tu, hata ikiwa na taa. Kinga hiyo huchakaa kila inapomeza umeme uliozidi, na pasipo waya wa ardhi hupungua nguvu, kwa hiyo fundi akague waya huo kwanza. Dhidi ya radi, usitegemee chochote kati ya hivi: mvua ya radi kabla haijafika karibu, chomoa plagi, pamoja na waya wa antena.