Mwali mmoja au mitano?

Pwani ya Malindi, hapa Unguja, nahodha mmoja alinionesha bildi yake: kamba yenye fundo kila pima, na risasi nchani. Ukiitosa mara moja unajua kina cha pale pale. Mwamba unateremkia wapi, huambiwi.

MOLA, ala ya kupima kimo cha ardhi kwa mwangwi wa leza, iliyorushwa 1996 kwenda Mirihi, ilikuwa bildi ya namna hiyo. Mwali mmoja wa leza, mapigo 10 kwa sekunde, kutoka kimo cha kilomita 400 hivi. Madoa ya nuru yake ardhini yaliachana kama mita 300, yote kwenye mstari mmoja.

LOLA, ala ya aina hiyo iliyokwenda Mwezini 2009, hupasua kila pigo kuwa miali mitano, mapigo 28 kwa sekunde. Hapo ndipo uzuri ulipo: pigo moja tu, na unapata mteremko wa mbele na wa kando. Ila nishati nayo inagawanyika, na mwangwi wa nuru hufifia kwa mraba wa umbali. LOLA ilimudu kwa kuwa ilizunguka chini, kilomita 50 hivi.

Kwa kutafuta mahali pa kutua, nachagua mitano. Chombo kikilazimika kukaa juu sana, mmoja wenye nguvu.