Baiskeli usiku kwa kundi, Dar: taa safi, za kukodi zikague mwenyewe

Waandaaji wa msafara huu wa baiskeli nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja imeliwa na baiskeli zao za kukodi.

Njia haina mlima: Coco Beach, Daraja la Tanzanite, Ocean Road, Kivukoni, Mnara wa Askari, kisha mnageuza. Ni kama kilomita 15 kwenda na kurudi, kwa mwendo wa 15 hadi 18 kwa saa. Mpenda mbio atachoshwa na kusubiri. Mbele ya Ikulu hakuna kusimama wala kupiga picha.

Nguvu ya kundi hili ni mtu wa mwisho. Ana rifleksa, pampu na tyubu za akiba, na hakuna anayebaki nyuma yake. Taa ya barabarani ikiwa nyekundu mnasimama hata kundi likikatika; waliotangulia wanasubiri ng'ambo. Ndivyo inavyotakiwa, maana bodaboda wa Dar hasimamishwi kwa mkono.

Taa wanazikagua kabla ya kuondoka. Ya mbele, lumeni (kipimo cha mwanga) 300 zinatosha mjini, lakini iinamishe imulike lami, si macho ya wanaokuja. Ya nyuma iwe nyekundu isiyopepesa, kwa sababu ikipepesa anayekufuata anashindwa kukadiria umbali. Ifunge kwenye bomba la siti. Ukiitundika kwenye begi inaangalia chini. Zile saa nyingi zinazoandikwa kwenye boksi ni za mwanga hafifu, basi chaji ijae.

Ishara za mkono gizani hazionekani, kwa hiyo ni sauti tu: "Shimo kushoto!" "Tuta!" "Gari nyuma!" Ukisikia, mpelekee wa nyuma yako. Gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa la nyuma la mwenzako. Akikwepa shimo ghafla yanagusana, na anayeanguka ni wewe, si yeye. Darajani upepo wa bahari unasukuma kwa pembeni. Maungio ya daraja yavuke usukani ukiwa umenyooka.

Sasa hizo za kukodi. Upepo wa tairi wanaupima kwa kubonyeza kidole. Tairi laini likigonga ukingo wa shimo, rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Fundi akiziba moja, mtasimama tena mbele kidogo. Omba pampu yenye geji: tairi la inchi 2 kwa mtu wa kilo 75 liwe psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 35 hadi 40. Kisha bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Shingo ya usukani ikicheza kama jino bovu, rudisha hiyo, chukua nyingine. Kofia wanatoa bure ila mikanda imelegea, kaza mpaka vidole viwili tu vipite chini ya kidevu.

Wanaondoka saa mbili usiku. Fika saa moja na nusu, kwani zenye breki za diski huisha mapema.