Upinde Uliojisokota? Usiutupe, Tazama Mashine Hii Kwanza

Kabla sijasema lolote, tazameni hapa. Huu ni upinde wa mti wa mkole, nimeukausha mwaka mzima, nimeuchonga na kuufunga upote, yaani kamba yake. Mnaona upote ulivyokimbilia ukingoni? Mkono wa juu wa upinde umejisokota. Ukivuta, upinde unataka kukugeukia kiganjani. Wengi wakifika hapa wanaugeuza kuni. Jamani, msifanye hivyo!

Nimekuja na mashine ya kupuliza hewa moto, ile ile ya mafundi tinti wa magari. Wati 2000, swichi ya hatua mbili, hayo mnayajua. Mimi nataka mwone kisigino chake. Ni bapa. Naisimamisha chini, mdomo juu, naiachia. Imetulia tuli! Mikono yote miwili iko huru.

Mwaka jana nilishika mashine ya kampuni nyingine, bei mara mbili, kisigino cha mviringo. Mkono mmoja unashika mashine, mmoja unasokota, kazi haiendi. Ilinikera sana.

Sasa angalieni. Mshikio umebanwa kwenye jiriwa, tumbo la upinde, upande unaomtazama mpigaji, limetazama chini. Nchani nimezungushia kitambaa, nikafunga spana malaya. Palipojisokota nimepaka mafuta ya kupikia ili pasiungue. Mashine iko chini yake, umbali wa vidole vinne, naisogeza taratibu huku na huku. Hatua ya kwanza tu. Ya pili inababua mti kabla ndani hapajapata moto. Dakika ya tano... bado mgumu. Ya nane... ya kumi. Ligini, ile inayogandisha nyuzi za mti, imelainika. Nageuza spana polepole. Sikieni, hakuna mlio wowote. Umekubali! Naupitisha kidogo ng'ambo ya mstari, kwa sababu ukipoa utarudi. Nafunga klempu, nauacha hadi kesho. Maji usimwagie.

Na usiuvute kesho hiyo. Moto umeukausha kupita kiasi. Upe siku tatu nne unywe unyevu wa hewani, la sivyo utakatika.

Mti wako ukiwa mbichi, mashine hii itaupasua. Huo upeleke kwenye mvuke. Wahadza kule Ziwa Eyasi wananyoosha fito za mishale kwa moto wa kuni na meno, na zinaruka sawasawa, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba bila umeme huwezi.

Lawama ninayo moja: waya mfupi mno. Bila ekstensheni hufiki kwenye jiriwa. Nilipoanza kurekodi nilitaka kusema Sh 65,000 ni nyingi, lakini kwa kisigino hiki nalipa tena.

Wiki ijayo tunasokota upote wa kano, wengi mmeuomba. Upinde wa jana huu hapa, nimefungua klempu. Upote umepita katikati kabisa. Ngoja niusogeze kwenye kamera mwone.