Nililipia video za kuvuma: uzoefu wangu na kampuni ya matangazo ya mitandaoni, Kampala

Nina duka la gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Buganda, na kanzu upande wa Kiyembe, katikati ya Kampala. Msimu uliopita wa kwanjula, sherehe za bwana harusi kutambulishwa ukweni, nilichukua kampuni moja ya hapa mjini inayouza kifurushi cha kukuvumisha mitandaoni. Jina lake siliweki hapa, ila maduka mengi ya jirani nayo yanatumia kampuni za aina hiyo, na wenzangu wananiuliza kila siku kama inafaa. Jibu langu: kwa kamera na taa nawapa alama za juu. Kwa ubunifu, hapana. Na video iliyoniletea wateja ni ile ambayo wao wenyewe walikataa kuiposti.

Kifurushi kilikuwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Ndani yake kulikuwa na video za TikTok na Instagram, picha za Facebook, na ripoti ya mwisho wa mwezi. Niseme haki yao kwanza. Walifika kwa wakati, na mjini hapa mvua ikinyesha barabara zikajaa maji hilo si jambo dogo. Rangi za vitambaa zilitoka zilivyo, hariri ikaonekana hariri. Kijana wao wa kamera alikuwa na adabu, akiwaita mafundi wangu wazee "mzee" na akiomba ruhusa kabla ya kumwelekezea mtu kamera.

Tatizo lilikuwa kwenye fikra. Video ya kwanza walileta vijana wa kucheza, wakawavisha kanzu na gomesi zangu, wakacheza chalenji iliyokuwa inatrendi wiki ile, hatua kwa hatua kama walivyocheza watu wengine elfu. Wimbo ule ule, kamera inazunguka vile vile, kijana anaruka mwishoni vile vile. Iliangaliwa zaidi ya mara laki mbili. Meneja wao akanipigia kwa furaha, "Mama, tumetrendi!" Nikafungua maoni nikayasoma moja baada ya jingine. Watu wa Brazili, wa Ufilipino, wa Nigeria, wote wanasifu miguu ya wachezaji. Hakuna aliyeuliza bei ya gomesi. Hakuna aliyeuliza duka liko wapi. Nguo zangu zilikuwa pale pale kwenye video, lakini hakuna aliyeziona.

Nilimwambia meneja kwamba njia ile ina wenyewe. Ghetto Kids walijulikana mwaka 2014 kwa kucheza wimbo wa mwanamuziki wetu Eddy Kenzo, watoto wa Kampala wanacheza kwa namna yao, na mwaka 2023 wakafika fainali ya shindano la vipaji la Britain's Got Talent kule Uingereza. Dunia iliwapenda kwa kuwa haikuwa imeona kitu kile. Ukikodi vijana wakuigie kitu ambacho kimeshaonekana kote, unamtangaza aliyetangulia, na pesa unalipa wewe. Mfano wa pili uko Wakaliga, hapa hapa Kampala. Isaac Nabwana alianza kutengeneza filamu za mapigano mtaani kwake kwa vifaa vya kujiundia na vijana wa jirani. Tangazo la filamu yake lilipowekwa YouTube mwaka 2010 likasambaa dunia nzima, hadi kuna Mmarekani aliyepanda ndege kuja kumtafuta. Na juu ya picha kuna sauti ya VJ Emmie anayeeleza na kuchangamsha kama ma-VJ wetu, wasimulizi wa kwenye vibanda vya video, wanavyofanya na filamu za nje. Kitu kile hukipati Hollywood wala Mumbai. Nchi yenye watu wa namna hii haina sababu ya kuishi kwa kopi na pesti.

Kuiga peke yake si dhambi. Gomesi yenyewe mtindo wake unatajwa kutoka kwa fundi Mgoa, mtu wa Goa kule India, wa enzi za Waingereza, na leo hakuna bibi wa Buganda anayeiona nguo ya wageni. Lakini watu waliifanyia kazi. Wakaifungia mshipi wao, wakaipa heshima yake kwenye harusi na matanga, wakaifanya ikae kwenye mwili wa mwanamke wa hapa. Video ya kampuni haikuongeza chochote juu ya ilichokichukua.

Halafu ukaja muziki. Akaunti yangu ya TikTok ni ya biashara, na akaunti za namna hiyo hutakiwa kutumia nyimbo zilizoruhusiwa kwa matangazo. Wao walichomeka wimbo maarufu bila ruhusa ya yeyote. Baada ya muda sauti ikazimwa. Vijana wanacheza kimya kimya na nguo zangu, wala huelewi wanacheza nini. Mbali na aibu hiyo, kuna msanii aliyetoa jasho kwenye wimbo ule. Uganda ina sheria ya hakimiliki tangu 2006, na kampuni inayojiita ya kitaalamu ilipaswa kuijua kabla yangu.

Kwenye Facebook sina haja ya kusema mengi. Ilifungwa hapa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na tangu hapo watu wanaingia kwa VPN, programu inayoficha mahali ulipo. Mteja wangu wa Ntinda akiwasha VPN anaweza kuonekana yuko Uholanzi, kwa hiyo tangazo ulilolilipia liwafikie watu wa Kampala linaweza kumpita. Kampuni iliendelea kunihesabia posti za Facebook kwenye ripoti. Ukipewa kifurushi chenye Facebook, omba waitoe na bei ishuke.

Sasa video iliyofanya kazi. Siku moja mvua ilinyesha, wachezaji wakachelewa, na kijana wa kamera akakaa karibu na meza ya fundi wangu mkubwa, mzee ambaye ameshona gomesi tangu mimi sijaolewa. Mzee alikuwa anatengeneza bega. Anayeijua gomesi anajua bega lake ndilo linaloonyesha fundi: lazima lisimame, lichongoke juu, lisilale kama sikio la mbuzi. Mzee aliingiza kitambaa kigumu ndani, akakunja, akabana kwa pini, akakandamiza kwa pasi, akafungua, hakuridhika, akakunja upya. Vidole vyake vimekakamaa kidogo, lakini mkunjo unakuja sawasawa. Anafanya kazi huku anasema kwa Luganda na Kiswahili chake cha kambini kwamba bega likilegea, mama mkwe ataliona kabla ya kukuona uso. Nyuma yake inasikika mvua juu ya mabati na cherehani za wenzake. Hakuna wimbo.

Kampuni ilisema klipu ile ni ndefu, haina kitu cha kumkamata mtu mwanzoni. Nikaomba wanipe niiweke mwenyewe. Hapo ndipo nikaonyeshwa kipengele cha mkataba: rekodi zote ni mali ya kampuni. Nawaomba wenzangu mkisome kipengele hicho kabla ya kutia sahihi. Kwa sheria ile ya 2006, mtu aliyeagiza kazi ndiye mwenye haki, isipokuwa mkataba useme vinginevyo, na mikataba hii husema vinginevyo. Fundi wangu, meza yangu, kitambaa changu, halafu rekodi ni yao! Tulivutana hadi wakaniachia.

Niliiweka TikTok na kwenye status ya WhatsApp, fupi, maana bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021 na mteja hapendi kuchoma bando lake kwa kitu kirefu. Watazamaji hawakufika hata robo ya wale wa ngoma. Lakini akina mama walianza kuingia dukani na simu mkononi, wanauliza, "Huyo mzee wa mabega yuko wapi?" Wengine walitoka Mukono, mmoja Masaka. Wakakaa, wakapimwa, wakaacha malipo ya awali.

Haikupita muda duka jingine likaichukua klipu, likakata jina langu, likaweka namba yake. Niliumia. Nikawaripoti, ikaondolewa. Wateja wachache waliokuwa wamekwenda kule walirudi, kwa sababu mzee hakuwepo.

Mkataba na kampuni sikuuendeleza. Kijana wa kamera sasa anafanya kazi zake mwenyewe, nami namwita kwa siku. Namlipa nusu akianza, nusu akinikabidhi rekodi zote kwenye flash, na mzee naye ana fungu lake kwa kila siku anayopigwa video, kwa sababu mikono inayoonekana ni yake.